Nje ya Uzio

Bernard alikuwa na siku ya sita kwenye jokofu la mochwari wazee wa kanisa walipomwita mkewe kikaoni. Tumpe alikaa kwenye kiti cha plastiki bila kuvua koti, binti yake Alice ubavuni. Alikuja kuomba jambo moja tu: mumewe azikwe kwenye makaburi ya kanisa lao la Kilutheri hapa Champlin, Marekani, makaburi aliyoyakata majani na kuyaondolea theluji kwa miaka tisa. Ndivyo Bernard alivyoomba mwenyewe kabla hajakata kauli.

"Mama Alice, tulimpenda sana Bernard," alisema mwenyekiti, Bwana Krueger. Alikuwa mpole, upole wa kuchosha. "Lakini makaburi yale ni ya uzao wa familia kumi na moja zilizotoka Ujerumani. Si suala la rangi. Ni desturi."

"Naijua desturi. Bernard alinionyesha kaburi la yule mama aliye nje ya uzio."

Krueger akachangamka, utadhani kaletewa shahidi. "Umeona! Yule ni mke wa kwanza wa babu yangu. Mjerumani, mweupe kama mimi. Ila alikuwa Mkatoliki na hakukubali kubadili. Wakamzika nje."

"Na watoto wake?"

"Wamo ndani. Walipata kipaimara kwetu."

"Hata Bernard alipata kipaimara, kule Tukuyu. Babu yake alibatizwa na wamisionari waliotoka hukohuko Ujerumani."

"Ndiyo, lakini damu..." Krueger akanywa kahawa.

Tumpe akasogeza kiti mbele. "Yule mama alikuwa damu yenu, mkamtoa kwa dini. Mume wangu ni wa dini yenu, mnamtoa kwa damu. Alitakiwa awe nani?"

"Mom, please, let's go," Alice alinong'ona.

Krueger akafungua faili. Kuna nafasi pale nje, alisema kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi, kando ya yule mama. Wangeweza kuchimba Alhamisi.

Tumpe alitaka kukataa. Lakini mochwari walikuwa wamepiga simu mara mbili asubuhi ile, na Bernard alitaka kulala hapa. Akaitikia kwa kichwa, na akajichukia.

Wiki mbili baada ya maziko theluji ikaanguka. Jumapili, ibada ilipokwisha, Tumpe akaenda kaburini. Mtunza makaburi mpya alikuwa juu ya trekta dogo, anasafisha njia za ndani na kuisukuma theluji yote nje ya geti, pale inapotupwa kila mwaka. Bernard mwenyewe alikuwa akiitupa palepale.

Msalaba wa mbao ulibaki ncha tu. Tumpe akapiga magoti, akaanza kufukua kwa mikono.

Trekta likaja limejaa theluji, likasimama nyuma yake. Dereva akampungia mkono kwa adabu, akangoja apishe.