Shuka na Ngozi ya Mama

Jumanne, tarehe 14 Mei. Asubuhi kulikuwa na manyunyu, na ukungu ulikuwa umeziba madirisha ya maabara.

Kazi yangu pale ni kuandika vipimo vya msuguano wa nguo na ngozi. Masomo nimeyaanza ukubwani, katika madarasa ya jioni, kwa hiyo mtaalamu wetu huniita Bibi Mwanafunzi. Siku hiyo mtu wa kupimwa hakufika, nikautoa mkono wangu. Mtaalamu akaufunga kwenye kibao, kisha mashine ikavuta kipande cha shuka juu ya ngozi, taratibu.

"Nukta nne," akasoma. "Bibi, mbona laini hivi?"

"Mafuta ya kupikia hayo, mwanangu." Tukacheka.

Akanilowesha mkono, akarudia. Safari hii shuka ilining'ang'ania, ngozi ikavutika nayo. Nukta tisa.

"Umekosea," nikamwambia. "Maji si hutelezesha?"

"Sakafuni. Ngozi yenye unyevu hushikana na nguo. Mgonjwa wa kitandani ukimburuta hajakauka, unamchuna."

Ile namba sikuiandika.

Mama yangu amepooza. Kila asubuhi nikishamwogesha, humshika makwapani nikamvuta hadi kwenye mto, bado ana majimaji, huku nikisali kidonda chake cha kiunoni kipone. Mwezi mzima nimemlilia Mungu, kumbe inayokichimba ni mikono yangu hii. Muuguzi alishaniambia: muwe wawili, mumnyanyue kwa shuka. Lakini kaka hutoka alfajiri; wa pili nyumbani ni wifi yangu, mkewe, na hatukuwa tukisemezana tangu aliposema najitia usomi.

Nilipotoka kazini nilibisha mlango wake.

"Wifi, njoo tumnyanyue mama."

"Leo profesa kakwama?"

"Nimekwama. Mimi ndiye ninayemuumiza."

Akanitazama. Kisha akaenda kunawa mikono.

Tulimkausha mama kwa kumgusagusa na taulo, bila kusugua. Tukashika pembe za shuka, tukamwinua. Mwezi mzima kila nikimsogeza alikuwa akiguna. Leo hakuguna.

Kaka alikuwa amerudi kazini, amesimama mlangoni, kofia mkononi. Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikasema kwa sauti, wote wanisikie:

"Mama, mbele ya Mungu, mbele ya kaka na wifi: sitakuburuta tena. Nitakukausha kwanza. Na nikiwa peke yangu, nitamwita wifi."