Mguu wa Wifi

Mimi nilianza kumshuku wifi tangu gurudumu la kwanza.

Pikapu ilikuwa uani, kitako juu ya jeki na magogo, mume wangu kalala chini yake na spana, na wifi kakaa kwenye kiti cha dereva, kanyooka kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Mpira wa breki wa nyuma ulipasuka, mume wangu akafunga mwingine, na ukishafungua mpira, upepo huingia kwenye breki. Usipoutoa, ukikanyaga pedali inazama kama mguu kwenye tope, na gari linakwenda linakotaka lenyewe.

Kuutoa upepo kunataka watu wawili wanaosikilizana. Wa juu anapampu pedali kisha anashikilia. Wa chini analegeza kijinati kilicho nyuma ya gurudumu, oili inatoka na mapovu yake kupitia kijimpira, inaingia kwenye chupa. Anakaza nati, halafu ndipo anamwambia wa juu aachie. Wa juu akiachia kabla nati haijakazwa, breki inavuta upepo upya, na mmefanya kazi ya kuchota maji kwa pakacha. Nimeolewa na mtu wa pikapu, haya mambo nayajua kama ninavyoijua chumvi ya mchuzi wangu.

"Pampu!" sauti ya mume wangu ilitoka uvunguni. "Shikilia!"

"Nimeshikilia, kaka."

"Achia!"

Hivyo hivyo tangu chai ya asubuhi. Sasa jua lilikuwa utosini na pedali bado inazama.

Na wifi alikuwa na sababu. Siku ile ile pikapu ilikuwa imrudishe kwa mumewe. Mbao za kitanda chake zilikuwa zimeegemezwa ukutani, cherehani imefunikwa shuka, masufuria yamefungwa kwenye kanga. Vyote hivyo kaka yake alivifuata kule yeye mwenyewe, wifi alipotujia ghafla na begi moja. Tulipomuuliza kulikoni, alisema, "Nimechoka tu." Basi. Tukimuuliza tena, anashika ufagio.

Nisieleweke vibaya. Mimi napenda nyumba ikijaa. Kwetu hapa viatu vya mlangoni ni vingi kuliko vya msikitini, na mtu akiondoka naona kama ukuta umetoboka. Lakini mgeni asiyesema kilichomleta ananinyima usingizi. Na mumewe ni nani asiyempenda? Tulimpa jina la Bwana Taratibu. Hapazi sauti, hanywi, akija anamsalimia hata kuku. Mama mkwe wangu alimpenda kuliko wanawe wa kuwazaa, na ndiye aliyekata shauri: "Uchovu si talaka. Atarudi kwake."

Nikamfuata mama barazani, alikokuwa akichambua mchele.

"Mama, mimi simo. Lakini mguu wa yule mwanao una mambo."

"Mguu gani?"

"Anaachia mapema. Kaka yake hajafunga, yeye keshanyanyua. Hataki gari lipone."

Mama akaweka ungo chini, akavaa ndala zake, na mimi huyo nyuma yake. Nusu ya nyumba ikatufuata.

"We mtoto," mama alimwambia wifi dirishani, "unatuchezea?"

"Mama, nafanya ninavyoambiwa."

"Shuka. Akae mke wa kaka yako."

Wifi akashuka. Aliponipita alininong'oneza, "Asante, wifi. Mdomo wako ungekuwa breki, gari hili lingesimama kwenye kilima." Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, lakini nilikuwa nimeudhika.

Nikapanda. Nikavua kiatu, mguu uisikie pedali vizuri.

"Nani huko juu?" mume wangu aliuliza.

"Mkeo. Na mimi siachii mapema."

Nikasikia spana ikimdondoka, akaiokota. Hilo sikulipenda.

"Pampu," akasema. Nikapampu. "Shikilia." Nikashikilia kwa uzito wote Mungu alionijalia. Pedali ikashuka polepole hadi chini. "Achia." Nikaachia. Tukarudia, tukarudia tena. Kisha nikaijaribu. Ikazama.

Kama si mguu wa wifi, na wangu ninaujua, ni nini basi?

"Labda mpira ulionunua ni mbovu," nilimwambia.

"Labda."

"Au oili."

"Labda na oili."

Mume wangu si mtu wa labda. Huyu bwana anabishana hata na saa ya ukutani. Nikaanza kutega sikio. Aliposema "Achia!" sikuachia. Nikabana pumzi. Na hapo, baada ya kusema na wala si kabla, nikaisikia spana: kwii, inakaza.

Nikajiambia nimesikia vibaya. Tukarudia. "Achia!" Kisha: kwii.

Nikateremka peku, nikachuchumaa kwenye gurudumu. Kijimpira kilikuwa kinaning'inia ndani ya chupa, mdomo wake juu ya oili, hewani, kama mtoto aliyekataa uji. Hata mwanafunzi wa fundi anajua ule mdomo unazamishwa kwenye oili usivute upepo. Nikainama zaidi nikamwangalia usoni. Yeye akaangalia ekseli.

Hapo nilimshuku kwa mengi, sitaficha. Nilifikiri labda kuna mahali hataki kupita njiani, labda kuna mwanamke huko. Akili ya mke ina miguu mingi kuliko jongoo.

"Baba watoto," nilisema kwa sauti ya chini, "ni wewe."

"Nyamaza."

"Unamzuia dada yako asiende. Kwa nini?"

"Nimekwambia nyamaza. Kaniapisha."

Nyuma yangu mama alikuwa keshapoteza subira. "Basi inatosha! Namwita fundi wa mtaa wa pili. Yule atamaliza kabla wali haujaiva." Na simu ilikuwa mkononi mwake tayari.

Nikaona ujanja wa mume wangu umefika mwisho. Fundi angekaza nati kwa wakati wake, gari lingepona, na wifi angepakiwa na kitanda chake pale pale, sote tukimpungia mikono. Nikamgonga mume wangu mguuni.

"Sema kwa mdomo, usiseme kwa spana. Fundi akija umekwisha."

Akajivuta akatoka, oili imemchora shavuni, akasimama mbele ya mama yake kama mtoto aliyevunja chungu.

"Mama, usimwite fundi. Gari ni mimi. Upepo nauingiza mwenyewe."

"Umechanganyikiwa?"

"Kaka, usiseme," wifi alidakia. "Uliniapia."

"Niliapa, na nitatubu. Mama, siku niliyokwenda kuchukua vitu vyake, nilikuta mlango wa chumbani una komeo. Komeo nene, kama la geti, na kufuli lake. Vyote viko nje ya mlango."

Shangazi mmoja akasema labda ni komeo la mpangaji wa zamani.

"Skrubu zinang'aa, shangazi. Na ndani hakuna kitu cha kuiba. Kulikuwa na kitanda, cherehani, na ndoo."

Alipotaja ndoo, hakuna aliyehitaji kuambiwa kuwa ni ya haja. Nikamtazama wifi. Alikuwa ameshika pindo la kanga yake, analikunja, analikunjua.

Mama akamgeukia. "Alikuwa anakufungia?"

"Akienda kazini."

"Kwa kelele? Kwa kipigo?"

"Hapana, mama. Kwa upole. Ananiaga kwanza, ananiuliza kama maji ya kunywa yanatosha, halafu anafunga. Anasema ni kwa ajili ya wezi." Akaliachia pindo. "Ningekwambia nini? Ungeniuliza amenipiga wapi, nami sina pa kukuonyesha."

Mama hakulia. Alirudisha simu kifuani, akaenda ukutani, akashika ubao mrefu wa kitanda na kuanza kuukokota kurudi ndani, peke yake, ubao ukichora mstari kwenye vumbi. Sote tumesimama kama nguzo. Alipofika mlangoni ukamkwamia kwenye viatu vyetu.

"Mnaangalia nini? Ondoeni haya makandambili! Na cherehani iingizwe kabla haijaota kutu."

Watu wakatawanyika, kila mmoja na sufuria lake. Wifi akataka kumpokea mama ule ubao, mama akamsukuma kwa kiwiko, kisha akausimamisha, akamshika mkono, akakaa naye hivyo.

Halafu akamwita mwanawe.

"We mwongo."

"Naam, mama."

"Hizo breki sasa uzitoe upepo kweli. Mimi ndiye wa kupelekwa huko leo. Nataka kuliona hilo komeo kwa macho yangu, na huyo Bwana Taratibu awepo."

"Peke yako, mama?"

"Nani kasema peke yangu? Nyuma ya pikapu wanaenea wangapi?"

Mikono ikanyanyuliwa mpaka ya watu wasio wa nyumba yetu.

Mume wangu akarudi uvunguni. Wifi akapanda kwenye kiti cha dereva, safari hii bila kuitwa, akaweka mguu kwenye pedali. Nami sikwenda jikoni. Nilichuchumaa pale pale kwenye gurudumu, macho kwenye mkono wa mume wangu, mpaka nikahakikisha nati inakazwa kwanza.