Sampuli Iliyong'aa Mno

Kila sanduku la mapanga ya turbini lililofika karakanani lilikuja na kipande cha sampuli, na kila sampuli ilikuwa laini kama shavu la mtoto. Hilo ndilo lililomkera Mzee Tanuri, mpimaji wa vyuma kwa moto. Amri ya wakubwa: choma sampuli, ipoe, choma tena, mara ishirini. Ikibaki nzima, sanduku lote limepita. Na nani aliyeipaka ile ngozi ya kuikinga na moto? Walewale waliouza mapanga. Mpishi akijionjea mwenyewe, chumvi haizidi kamwe.

Miaka mitatu nyuma sampuli ilipita vilevile. Kisha panga likakatika turbini ikizunguka, na mkewe, aliyekuwa akipiga deki ukumbi wa turbini, hakurudi nyumbani. Wakubwa wakaleta shada na maneno: kazi ya Mungu. Kwani Mungu ndiye aliyeagiza vya bei rahisi? Sasa bintiye alikuwa na zamu ukumbi uleule, na mapanga haya yalikuwa yafungwe wiki ijayo.

Safari hii aliiacha sampuli mezani. Akatia tanurini panga lenyewe, la nikeli, lenye ngozi ya alumini iliyotakiwa kuchanganywa na platini ili istahimili moto. Siku tano likawa linaiva jekundu, linapoa, linarudi. Mara ya kumi na moja ngozi ikakunjamana. Ya kumi na saba ikabanduka magamba kama samaki.

Mkuu wa karakana akaja mbio, tai ya shingoni imerukia begani.

"Mzee, umeunguza panga zima! Unajua bei yake?"

"Na ya mke wangu unaijua?"

"Usinichanganyie mambo. Hilo moja tu litakuwa bovu. Hata gunia zuri la maharage halikosi jiwe."

"Kweli, bosi. Basi chagua la pili wewe mwenyewe. Mkono wako, jicho lako. Likitoka zima, mimi naondoka leo hii, kiinua mgongo mle nyinyi."

Mafundi wawili wakaacha kupiga nyundo.

"Tanuri bado lina moto," mzee akasema. "Chagua, baba."

Mkuu akaliangalia sanduku, panga moja baada ya jingine, mpaka la mwisho. Mkono haukutoka mfukoni.

Mzee akashusha kifuniko cha sanduku, akakikalia, akampigia bintiye simu.

"Mama, waambie wenzako wasiifungue turbini. Huku hakuna cha kufunga."