Ruhusa ya Fimbo

Mtaani kwetu Dunda najulikana kwa mdomo. Muuza samaki akinipunja, wanasikia mpaka walio ndani ya maji. Mtoto akitupa maganda ya muwa mlangoni pangu, harudii. Nayasema haya mpate kuelewa ilivyokuwa ajabu kwamba kwa miezi saba, tangu mwanangu Abdulwahab afariki, sikumgombeza mtu. Niliamka, nikapika, nikafua, nikaswali, nikalala. Wakiniuliza, "Bimdogo, hujambo?" nilisema sijambo, na kweli sikuwa na jambo lolote. Nilikuwa kama fizi iliyochomwa sindano ya ganzi, ambayo hata ukiing'ata haisikii.

Mume wangu Mwishehe ni seremala, na kila alasiri hufundisha kirumbizi katika kiwanja kilicho nyuma ya nyumba yetu. Ni mchezo wa fimbo. Wawili wanaingia kati, kila mmoja na fimbo yake ya mtobwe, debe linapigwa, nao wanatafutana. Anayemgusa mwenzake kwanza ameshinda, na aliyeguswa humkumbatia aliyemgusa. Kumpiga mtu aliyedondosha fimbo ni aibu kubwa kuliko kushindwa. Zamani nilikuwa nikimcheka, nikimwambia analea majeshi bila mshahara. Lakini kina mama walimpenda. Jirani yangu Ashatu alikuwa na mtoto aliyefukuzwa madrasa mbili kwa ugomvi, na baada ya mwaka mmoja kiwanjani akawa anamtekea mama yake maji bila kutumwa. Zaina wangu alianza akiwa na miaka tisa. Watu wakasema si mchezo wa mtoto wa kike, na baba yake akawajibu kwamba fimbo haichagui mkono. Basi tukikaa kula, Zaina na kaka yake na baba yao walikuwa wakibishana nani kamgusa nani mpaka wali unapoa. Nyumba ilikuwa na kelele, na nyingi zilikuwa zangu.

Kuna desturi moja Mwishehe aliyoirithi kwa baba yake. Mwanafunzi akitaka kukiacha kiwanja, kwa safari au kwa kazi, anaomba ruhusa kwa fimbo. Anacheza na mwalimu. Akimgusa mwalimu, ameiva, aende salama. Akiguswa yeye, bado, atabaki. Wapo vijana waliokosa safari za Unguja kwa sababu hiyo, na hawakunung'unika.

Mwaka jana Abdulwahab aliomba ruhusa. Alikuwa na miaka ishirini, amepata kazi ya utingo kwenye lori la kokoto. Kiwanja kilijaa, wajomba walikuja hata kutoka Pangani. Nilikaa kwenye mkeka na wanawake wenzangu, na kwa macho yangu nilimwona Mwishehe akishusha fimbo na kuuacha ubavu wake wazi. Aliyecheza miaka thelathini hauachi ubavu wazi kwa bahati mbaya. Alitaka mwanawe aondoke na heshima mbele za watu. Kijana akamgusa, vigelegele vikapigwa, na wa kwanza kuvipiga nilikuwa mimi. Miezi mitatu baadaye lile lori lilipinduka karibu na Msata.

Sikumwambia Mwishehe kwamba niliona. Yeye naye alijua kwamba niliona, na ukimya huo ndio tukawa tunaula na kuunywa. Aliacha kuniita Mama Abdu. Hakuniita jina lingine, alikohoa tu akitaka chai. Kiwanjani aliendelea kufundisha, lakini hakumgusa mtu tena. Alikinga tu, mpaka wanafunzi wakachoka.

Wiki iliyopita alikohoa, kisha akasema Zaina ahamie Lugoba kwa shangazi yake Adila, akasome huko, maana nyumba yetu imekuwa haimfai mtoto. Kwenda Lugoba unapita Msata. Zaina, ana miaka kumi na tano sasa, alinitazama, akangoja. Zamani sufuria ingeruka. Nikasema sawa. Nikazikunja nguo zake, nikazipanga kwenye begi, nikafunga zipu. Mikono ilifanya kazi, mimi sikuwepo.

Jana Ijumaa, siku moja kabla ya safari, Zaina alisimama mbele ya baba yake na fimbo mkononi.

"Baba, siondoki bila ruhusa ya kiwanja."

"Unakwenda shule, mwanangu. Hii si safari ya kuombea ruhusa."

"Kiwanja nakiacha au sikiachi?"

Mwishehe akaenda kuitafuta fimbo yake.

Alasiri wakaingia kati. Walikuwepo wanafunzi na kina mama wachache tu. Ashatu alikaa karibu yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Shoga, utaiweza nyumba tupu?" Nikamwambia sijui. Ndilo jibu nililokuwa nalo.

Debe likaanza. Zaina anacheza vizuri, ana miguu myepesi kama ya kaka yake. Wakazunguka, fimbo zikagongana mara tatu, mara nne. Halafu nikamwona anashusha fimbo, bega lake la kushoto likabaki wazi kabisa. Akazunguka tena, bega likabaki vilevile. Hata mtoto aliyeanza juzi angeliona. Mwanangu hakuwa akiomba ruhusa ya kuondoka. Alikuwa anaomba aguswe, abaki.

Mwishehe aliliona. Fimbo yake ilipanda juu, ikaganda hapohapo. Kisha akaishusha taratibu, akauacha ubavu wake wazi, ubavu uleule wa mwaka jana. Zaina hakumgusa. Wakasimama hivyo, kila mmoja amejiachia kwa mwenzake, mpaka mpiga debe akanyamaza.

"Baba," Zaina akasema, "niguse."

"Siwezi."

Fimbo ikamdondoka Mwishehe.

Ilinianzia masikioni, joto, kisha shingoni. Mwanzo sikuitambua, kwa muda tuliokuwa tumeachana. Ilikuwa hasira. Nilimkasirikia Mwishehe, nikalikasirikia lori, nikajikasirikia mimi na vigelegele vyangu na ile zipu. Nikainuka, nikaikaza kanga kiunoni, nikaingia kati, mahali ambapo sikuwahi kutia mguu, nikaiokota fimbo.

"Mwishehe, mwaka jana niliona," nikamwambia. "Niliona, na nikapiga vigelegele. Tulimruhusu wote wawili."

Kisha nikamchapa Zaina begani. Wenyewe hugusa, mimi sikujua kipimo, nikachapa.

"Umeguswa," nikasema. "Unabaki."

"Mama, umeniumiza!"

"Nitakuumiza tena nikiliona lile begi mlangoni." Begi nililifunga mimi mwenyewe, lakini mwenye hasira haulizwi.

Zaina akaidondosha fimbo yake, akanikumbatia kama kiwanja kinavyotaka. Alikuwa na jasho, alinuka vumbi na mafuta ya nazi, na uzito wake wote aliniegemezea mimi. Kiganja changu kiliniuma kwa lile pigo. Kisha kifua kikauma, kisha kila mahali, miezi saba kwa mkupuo mmoja. Nililia mbele ya watoto wa watu, kwa sauti, na sikuona haya.

Nilipoinua kichwa Mwishehe alikuwa bado amesimama palepale, macho mekundu, ananitazama mkono.

"Mama Abdu," akasema.

"Abee."

"Fimbo haishikwi hivyo."

Nikamgombeza. Nilimgombeza kutoka kiwanjani mpaka mlangoni kwetu, kwa ubavu ule, kwa Lugoba, kwa miezi saba ya kunikoholea kama mgeni, na Ashatu anasema walisikia mpaka walio ndani ya maji. Mwishehe alikuja nyuma yetu amebeba fimbo zote mbili, akiitikia, "Naam, Mama Abdu. Naam."