Punje Tano za Dada

Katika shirika lile la dini, lenye zahanati, vituo vya yatima na maghala ya mablanketi yasiyokwisha, mkubwa alipimwa kwa mahindi. Usicheke. Mara moja kwa mwaka, baada ya sala ya asubuhi, kila mfanyakazi alipewa punje tano, akapita nyuma ya pazia, akatumbukiza katika mfuko uliotundikwa huko kadiri alivyoona kiongozi anastahili. Zilizobaki aliondoka nazo kimyakimya. Mfuko ulikuwa wa kitambaa kizito, ili walio kwenye foleni wasisikie zimeanguka ngapi. Aliyeushona ni fundi cherehani wa shirika, mdogo wake kiongozi, tumbo moja.

Kiongozi huyo, waliyemwita Mama Mkuu, hakuwahi kupungukiwa. Siku aliposhika kazi aliweka nadhiri mbele ya wote kwamba hataondoka mpaka punje zipungue, hata moja. Watu wakashangilia. Nani amchoke? Aliwajua watoto wao kwa majina, aliwauguzia wagonjwa wao, na chakula chake alikila amesimama.

Jioni moja, siku ya kupimwa ikiwa kesho yake, aliingia chumba cha cherehani na kujibwaga juu ya robota la nguo. Miguu ilikuwa imevimba, viatu kavishika mkononi.

"Moyo wangu umechoka, mdogo wangu. Daktari kasema nikiendelea hivi sifiki mbali."

"Si uache kazi, dada!"

"Na nadhiri?"

"Mungu atakuelewa."

"Mungu ataelewa. Mimi ndiye nitakayeshindwa kujielewa." Akatabasamu kidogo. "Kesho nipe moja tu. Zikipungua, nitawashukuru, niende nyumbani nikalale mpaka jua linichome."

Fundi akaapa kwamba atafanya hivyo.

Lakini nyuma ya pazia mkono ulimgomea. Huyu ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, aliyeacha shule ili yeye asome. Leo amwambie thamani yake ni punje moja? Aone aibu ile mbele ya watu, itoke kwa ndugu yake? Fundi alijua kabisa kwamba ameombwa, na bado vidole vilifunguka vyote. Zikaanguka tano, bila sauti. Hawakosi wengine watakaopunguza, akajidanganya.

Mhasibu akamwaga mahindi mezani, akahesabu, akarudia.

"Zimetimia!"

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Mama Mkuu alisimama taratibu, ameshika ukingo wa meza, akamtafuta mdogo wake kwa macho. Hakumkasirikia. Laiti angemkasirikia! Alimwangalia tu kama mtu aliyefika mlangoni akakuta pamefungwa.

"Asanteni, wanangu," akasema. "Haya, turudi kazini."

Hakuumaliza msimu ule wa baridi. Walimkuta ghalani, ameegemea mablanketi aliyokuwa akiyapanga.

Mazikoni mwenyekiti wa bodi alisema kwa fahari kwamba hadi mwisho marehemu hakupungukiwa hata punje moja. Watu wakaitika amina. Fundi hakuweza kuitika.

Aliyemrudisha nyumbani ni dereva wa Mama Mkuu, mtu mzima, mcheshi wa siku zote, ambaye siku hiyo aliendesha macho yakiwa barabarani tu. Walipofika alizima gari, lakini hakushuka kumfungulia mlango.

"Dada fundi, aliniomba nimpe moja," akasema. "Jioni ile ya kuamkia siku ya kupimwa, nikimpeleka nyumbani. Nikamwambia sawa, mama."

Fundi akamgeukia. "Ukampa ngapi?"

Dereva alifuta uso kwa kiganja. "Nitampaje moja mtu kama yule? Nikajisemea moyoni, wewe ndugu yake ndiye utakayeweza."

Fundi alitaka kumrukia, amshike shati, amuulize kama ana akili timamu. Kwenye kiti cha nyuma vilikuwa bado vipo vile viatu vya dada, vilivyolegezwa kamba.

"Nilimpa zote," akasema, kisha akaanza kulia.