Mto Wenye Mwendo wa Mazishi

Jumanne ya kwanza ya Februari, saa tano asubuhi, Delia Mulhern alikuwa dukani akimpimia Nuala Tuohy, mke wa mchinja nyama, yadi tatu za kitambaa cha pazia. Mto ukatoka kwenye kingo zake, ukaanza kupanda barabara kuu ya Kilverna.

"Mwaka huu umewahi," alisema Nuala.

"Haujawahi. Ni wewe unayeamka umechelewa," alisema Delia, akaendelea kukata.

Mto ulikwenda polepole, kwa mwendo wa watu waliobeba jeneza, na haukuingia ndani kwa mtu. Mchinja nyama alifunga mlango na kuteremsha pazia, mwenye baa vivyo hivyo, kama Kilverna inavyofanya kila maiti apitapo. Wanaume walivua kofia. Waliokuwa wakishuka waligeuka, wakasindikizana na maji hatua tatu, kisha wakaendelea na safari zao.

Maiti mmoja tu ndiye aliyewahi kunyimwa heshima hiyo. Mwaka 1956 Teasie, dada yake Delia, alijitosa mtoni akiwa na miaka kumi na tisa na mimba ya miezi mitano. Padri wa enzi hizo aliamuru azikwe nje ya ukuta wa makaburi, kwenye magugu yanayowasha. Mkokoteni ulipopita, baba yao, kwa aibu, alimwambia Delia auache mlango wazi na auze kama kawaida. Delia alikuwa na miaka kumi na miwili. Aliuza vifungo sita vyeupe. Mwaka uliofuata mto ulianza kuja, na haujaacha mwaka hata mmoja.

Sasa Delia alifunga mlango, akavaa buti, akausindikiza mto hadi mwisho. Kwenye lango la makaburi maji yalisimama. Padri Garvan alikuwa hapo na funguo mkononi. Alikuwa mtu mwema na jambo hili lilimnyima usingizi.

"Fungua, Padri. Kaburi la baba limebakiza nafasi moja. Mpe Teasie."

"Nafasi hiyo ni yako, mama."

"Mimi nitalala popote."

"Ingekuwa mimi peke yangu, ningefungua. Wenye makaburi ya jamaa zao humu ndani wameandika tena barua ya kukataa. Wanasema wafu wao walilala wakijua majirani zao ni akina nani."

"Basi nikifa, nizikeni naye huko nje."

"Wewe? Hujakosa misa tangu nifike hapa. Wewe ni wa ndani, mama."

Delia alilia bila kujificha. Alikuwa na miaka themanini, na mwaka ule magoti yake yalikuwa yamemwambia kwamba huenda hatarudi tena pale kwa miguu yake. Mto ulisubiri pamoja naye hadi kengele ya saa sita, kisha ukageuka na kushuka. Milango ikafunguliwa nyuma yake, mmoja baada ya mwingine.

Dukani, Nuala alikuwa bado anangoja kitambaa chake.

"Wamefungua?"

"Hawajafungua."

"Maskini Teasie," alisema Nuala, na alimaanisha, ingawa jina lake mwenyewe lilikuwa la tatu kwenye barua ya wenye makaburi. "Nipe na vifungo sita, vyeupe."

"Vyeupe siuzi," alisema Delia, akamfungia kitambaa.