Pumzi ya Mwamuzi

Wachezaji walimwita Mama Chuma. Si kwa ukubwa wa mwili, maana alikuwa mfupi na miguu yake myembamba. Ni kwa sababu akishapuliza filimbi, hata umlilie machozi ya damu, uamuzi ulibaki palepale. Siku za kazi alikuwa karani wa stoo kwenye kiwanda cha magodoro. Jumamosi alivaa fulana nyeusi na kuchezesha mechi za ligi ya wafanyakazi. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, leo yupo kesho hayupo, kwa hiyo nyumbani aliishi zaidi na wifi yake, msusi, aliyekigeuza chumba cha mbele kuwa saluni.

Ugonjwa wa tezi ya shingo ulikuwa mgeni wa zamani. Miaka miwili nyuma tezi hiyo ililegea, mwili ukapoa, akawa anasinzia juu ya magodoro ya watu. Akapewa kidonge cha kumeza kila asubuhi, akapata nafuu, akarudi uwanjani. Kwa hiyo pumzi ilipoanza kumkatika tena alijiambia: dawa nameza, basi huu ni uzee.

"Uzee gani wa miaka arobaini na moja?" wifi alimuuliza huku akimchana. "Na nywele zote hizi zinazobaki kwenye chanuo, nazo zimestaafu?"

"Wewe suka, wifi. Mdomo uupumzishe."

"Mdomo wangu hauhemi. Wewe ngazi za hapo nje tu unatweta kama umebeba kabati."

Jumamosi moja alichezesha waokaji mikate na mafundi magari. Mechi ilikuwa inaelekea mwisho bila bao, mara mpira mrefu ukapigwa kuelekea lango la waokaji. Mama Chuma akaanza kuukimbilia. Kifua kikambana, akawa anavuta hewa kama anaivuta kupitia tundu la sindano. Mshambuliaji alipoanguka mbele ya lango, yeye alikuwa bado karibu na duara la kati. Alisikia kelele, akaona vumbi, akapuliza. Penalti. Bao. Mpira ukaisha.

Kipa wa waokaji, jitu la mabega mapana, alimfuata. "Mama, sikumgusa yule."

Mama Chuma alikuwa ameinama, mikono magotini, hana hata pumzi ya kusema ondoka.

Jumatatu, kabla ya kwenda kazini, alipitia tanuri la mikate. Kipa alikuwa anapanga trei, unga umemjaa hadi kwenye nyusi.

"Nilipuliza kitu ambacho sikukiona," Mama Chuma alimwambia. "Nilikuwa mbali. Nimeona nije nikuambie mwenyewe."

Kipa akajifuta mikono taratibu. "Nisikudanganye, nilikuwa nimeapa sikusamehe. Halafu nikakuona ulivyoinama pale, hasira ikaniisha. Dada yangu alikuwa anahema hivyohivyo, sisi tukasema ni mvivu. Nenda kapime, mama. Bao moja haliui mtu."

Alitoka na mkate wa moto kwapani, na neno "mvivu" likimkereketa. Wiki hiyohiyo akaenda zahanati.

Daktari alimsikiliza moyo na mapafu, akamtoa damu, akamwambia arudi kwa majibu. Aliporudi, daktari alivuta kiti karibu.

"Moyo mzima, mapafu safi. Tezi nayo, kidonge kinaimudu. Shida ni kwamba akiba yako ya madini ya chuma imekwisha, na vitamini B12 iko chini. Damu inahitaji chuma ili ibebe hewa. Kikipungua, utavuta pumzi mpaka uchoke, na bado misuli italia njaa. Wenye tezi kama yako tunawakuta na upungufu huu mara nyingi. Ndiyo maana tunapima, hatukisii."

"Umesema nimepungukiwa nini?"

"Chuma."

"Daktari, unajua uwanjani wananiitaje?"

Alipomwambia, daktari alicheka mpaka akavua miwani, na muuguzi akachungulia mlangoni kujua kuna nini. Katikati ya kicheko hicho daktari alisema kwamba vidonge vya chuma vikae mbali na kile cha tezi. Mama Chuma aliitikia kwa kichwa akijifuta machozi. Hakusikia hata neno.

Nyumbani, wifi alivipokea vidonge kama mali. Alitafuta kopo la pini za nywele, akalisafisha, akapanga dozi humo. Kila asubuhi alimwekea vyote kwenye kisahani, na kikombe cha chai ya maziwa pembeni. "Meza kwa mpigo. Nakujua ulivyo msahaulifu."

Wiki zikapita. Badala ya nafuu, baridi ikarudi. Mama Chuma alivaa sweta stoo mchana wa jua kali, uso ukamvimba, na siku moja akalala fofofo huku anasukwa, kichwa kikamwangukia wifi mapajani. Wifi akaacha chanuo.

"Amka, wifi. Tunarudi kwa daktari. Na safari hii naingia na mimi."

"Nionyesheni anavyomeza," daktari alisema.

Wifi akafungua kopo kwa fahari. "Mimi ndiye ninayempangia. Hajakosa hata siku moja."

Daktari alitoa vidonge viwili, akaviweka kimoja huku, kingine kule. "Hawa ni mafahali wawili, hawakai zizi moja. Vikikutana tumboni, chuma kinakamata dawa ya tezi, inapita bila kufanya kazi. Maziwa nayo yanaizuia. Cha tezi alfajiri, na maji matupu, kabla hujala. Chuma jioni, na chungwa."

Njiani, mbele ya duka la viatu, wifi akasimama, akaanza kulia. "Kumbe nilikuwa nakuumiza kwa mikono yangu."

"Daktari aliniambia, wifi. Mimi nilikuwa nacheka."

"Mbona hukunieleza?"

"Ningekueleza vipi nisichokisikia?"

Wifi alipenga kamasi, akamtazama, kicheko kikamponyoka bila kupenda.

Nafuu ilikuja kwa mwendo wa konokono. Kwanza sweta ikabaki nyumbani. Kisha ngazi zikapandika. Mama Chuma alikuwa amewaambia viongozi wa ligi wasimpangie mechi mpaka afaulu mbio za kuwapima waamuzi. Mara ya kwanza aliishia njiani, akakaa kwenye nyasi. Mara ya pili alimaliza, wa mwisho kwa mbali, lakini ndani ya muda.

Siku aliporudi kuchezesha, wifi alifunga saluni, akaenda kutazama mpira kwa mara ya kwanza maishani. Alishangilia kila aliyegusa mpira, wa huku na wa kule, mpaka majirani wa benchi wakasogea. Mwisho wa mechi alimpelekea Mama Chuma maji, akamshika mkono.

"Umekimbia vizuri sana, wifi. Sasa niambie, wewe ulikuwa timu gani? Maana hakuna hata mmoja aliyekupasia."